Miwani ya skrini kwa gemu na video: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanunuzi wa Mtwara na Lindi

Maswali yafuatayo ni yale yanayorudiwa na wateja wa Mtwara mjini, Masasi, Newala, Lindi, Nachingwea na Kilwa kabla ya kutoa fedha, na mengine huulizwa baada ya fedha kutoka, jambo ambalo ukurasa huu unajaribu kulizuia. Mwenye haraka asome kwanza sehemu ya simu na tundu, kwa kuwa huko ndiko wanunuzi wengi hukwama.

## Mambo ya msingi

Miwani ya skrini ni kitu gani hasa?

Ni miwani yenye skrini mbili ndogo sana, moja kwa kila jicho, zilizofichwa sehemu ya juu ya fremu. Picha hushuka kutoka kwenye skrini hizo, hugonga kioo kilichopinda kilicho mbele ya jicho na kurudi kwa mtazamaji, kiasi kwamba anayevaa huona skrini kubwa ikielea mbele yake huku akiendelea kuona chumba pembeni. Kampuni zinazojulikana zaidi katika biashara hii ni Xreal, ambayo hadi mwaka 2023 iliitwa Nreal, pamoja na Viture, Rokid na RayNeo, ambayo ni tawi la TCL. Miwani nyingi za aina hii zina uzito wa kati ya gramu 70 na 90, na picha ya kila jicho huwa na nukta 1920 kwa 1080, yaani kiwango cha HD kamili.

Mnunuzi azingatie kwamba miwani hizi kwa kawaida hazina betri wala mahali pa kuhifadhia filamu, na haziweki programu ndani yake. Umeme, picha na maelekezo yote hutoka kwenye kifaa kilichounganishwa kwa waya. Kwa hiyo anayenunua miwani amenunua skrini peke yake.

Inatofautianaje na kile kisanduku cha plastiki cha kuingizia simu, au na miwani yenye kamera?

Kisanduku cha plastiki hakina skrini wala umeme. Ni lenzi mbili tu na nafasi ya kuweka simu mbele ya uso, na ndiyo maana bei yake ni ndogo sana. Kofia za uhalisia pepe kama Meta Quest 3 zina kompyuta na betri ndani, hufunika macho yote mawili na uzito wake hupita nusu kilo. Miwani yenye kamera, kama zile za kwanza za Ray-Ban Meta, hupiga picha na kucheza muziki lakini hazionyeshi video yoyote machoni. Watu huchanganya vitu hivi vinne kwa sababu wauzaji wengi huviita kwa jina moja, kwa hiyo muulize muuzaji swali moja tu: je, picha inaingia kwa waya wa USB-C kutoka kwenye simu? Akijibu kwamba simu inaingizwa ndani, au kwamba miwani inaunganishwa kwa Bluetooth, bidhaa hiyo siyo inayozungumziwa hapa.

Tangazo linasema skrini ya inchi 130. Je, ni kweli?

Hesabu ni ya kweli, ila inahitaji kusomwa yote. Miwani yenye upana wa kuona wa nyuzi 46 huonyesha picha inayolingana na runinga ya inchi 130 na kidogo iliyowekwa mita nne kutoka kwa mtazamaji. Yenye nyuzi 50 hufika takriban inchi 147 kwa umbali huohuo. Umbali ndio unaobeba tangazo lote. Pembe hiyohiyo ya nyuzi 46 ni sawa na kuitazama runinga ya kawaida ya inchi 43 ukiwa umekaa mita 1.3 tu mbele yake. Hiyo ni picha kubwa na nzuri, lakini si ukumbi wa sinema, na anayetarajia ukumbi wa sinema atavunjika moyo siku ya kwanza.

Nina familia. Ninunue miwani au runinga?

Nunua runinga. Miwani huonwa na mtu mmoja, na mechi ya Namungo haina ladha ikitazamwa na mmoja huku wengine wakimuuliza nini kimetokea. Miwani inamfaa anayeishi chumba kimoja cha kupanga, anayesafiri mara kwa mara, anayecheza gemu usiku wakati wengine wamelala, au anayeishi mahali ambapo umeme hukatika na runinga huzimika nao.

## Simu, tundu na waya

Simu yangu ina tundu la USB-C. Je, itafanya kazi?

Huenda ikakataa, na hili ndilo swali muhimu kuliko yote katika ukurasa huu. Tundu la USB-C ni umbo tu. Kinachohitajika ni tundu linaloweza kutoa picha kwa mfumo uitwao DisplayPort, na watengenezaji wengi huuacha mfumo huo katika simu za bei ya chini na ya kati ili kupunguza gharama. Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel zinazouzwa kwetu, pamoja na Galaxy nyingi za mfululizo wa A, huchaji na kuhamisha mafaili kupitia tundu hilo lakini hazitoi picha hata kidogo. Ukichomeka miwani kwenye simu ya namna hiyo, huenda ikapata umeme na hata kuwaka taa ndogo, lakini mbele ya macho patabaki giza.

Simu zinazotoa picha ni pamoja na Samsung za mfululizo wa S kuanzia Galaxy S8 ya mwaka 2017, simu za Galaxy Note za kuanzia wakati huo, na iPhone 15 ya mwaka 2023. Google Pixel 8 nayo ilipata uwezo huo kwa sasisho la mwaka 2024. Kasi ya tundu haitoshi kuwa kipimo, kwani iPhone 15 ya kawaida ina tundu la kasi ndogo na bado inatoa picha vizuri.

Nitapimaje simu yangu kabla ya kununua?

Azima waya au adapta ya kutoka USB-C kwenda HDMI, ile inayotumiwa na wenye kompyuta ndogo katika ofisi na vyuo, kisha unganisha simu yako na runinga yoyote. Chagua HDMI kwenye runinga na usubiri sekunde chache. Simu inayofaa itaonyesha ukurasa wake wa mwanzo kwenye runinga, au Samsung italeta ujumbe wa kuuliza kama unataka kuakisi skrini. Runinga ikiendelea kusema hakuna mawimbi, jaribu adapta ya pili kabla ya kukata tamaa, kwa kuwa adapta nyingine huhitaji umeme wa pembeni na nyingine ni mbovu tangu kiwandani. Zikishindwa zote mbili, simu hiyo haifai.

Jambo moja dogo husumbua watu: kava nene la simu. Kichwa cha waya wa miwani mara nyingi ni kinene kuliko cha chaja, hivyo kava huzuia kichwa kisizame hadi mwisho. Umeme unapita, picha haipiti. Vua kava kwanza, ndipo ulaumu simu.

Simu yangu imeshindwa jaribio hilo. Je, kuna njia nyingine?

Zipo, lakini zote zinaongeza gharama na waya. Njia safi zaidi ni kutumia kompyuta ndogo yenye USB-C inayotoa picha, au mashine ya gemu ya mkononi kama Steam Deck, ambayo hufanya kazi na miwani moja kwa moja. Ipo pia Beam Pro ya Xreal, kifaa cha Android chenye matundu mawili ya USB-C, kimoja cha miwani na kingine cha chaji, kilichotoka mwaka 2024 kwa dola 199. Kwa mtu anayependa kutazama video kuliko kucheza gemu, hicho ni nafuu kuliko kubadilisha simu nzima. Njia ya tatu ni kisanduku cha runinga chenye HDMI pamoja na adapta iliyoelezwa katika swali la PlayStation hapa chini.

Wenye iPhone 14 na za nyuma yake wanaweza kutumia adapta ya Apple ya kutoka Lightning kwenda HDMI, halafu adapta nyingine ya kutoka HDMI kwenda USB-C. Inawezekana, lakini mfuko unajaa vifaa.

Je, miwani inamaliza chaji ya simu?

Ndiyo, kwa sababu simu inalisha skrini zake na za miwani kwa wakati mmoja, na ina tundu moja tu. Suluhisho ni adapta yenye njia mbili, inayopitisha picha kwenda kwenye miwani na kupokea chaji kutoka kwenye pawabenki kwa wakati uleule. Kampuni za miwani huuza adapta zao, na ni salama zaidi kununua hizo, kwani vigawanyi vya USB-C vya kawaida vinavyouzwa madukani mara nyingi hupitisha umeme na mafaili lakini huzuia picha.

Kwa wanaoishi Liwale, Tandahimba au vijijini ambako umeme wa jua ndio tegemeo, mpangilio wa simu, adapta ya njia mbili na pawabenki iliyochajiwa mchana hufanya kazi vizuri usiku, kwa kuwa mzigo wote ni mdogo mno ukilinganisha na runinga.

Video za mtandaoni zitakula bando kiasi gani?

Sawasawa na zinavyokula kwenye simu, kwani miwani haina mtandao wake. Tofauti ni kwamba kwenye picha kubwa mtu hujikuta akipandisha ubora hadi 1080, na hapo ndipo GB zinapoyeyuka. Pakua filamu mahali penye Wi-Fi, hasa kabla ya safari. Ushauri huu una maana zaidi kwa anayekumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na mtandao wa nchi nzima kulegea.

Baadhi ya programu za filamu za kulipia huzuia picha kutoka nje ya simu. Ukifanya jaribio la runinga lililoelezwa juu, fungua pia programu unayoilipia na ucheze video dakika moja. Sauti ikisikika na picha ikiwa nyeusi, hali itakuwa hiyohiyo kwenye miwani.

## Gemu

Je, nitaweza kucheza gemu za simu?

Kuona utaona, kucheza ni habari nyingine. Gemu nyingi za simu zimeundwa kwa vidole kugusa kioo, na ukivaa miwani macho yako yako mbele huku vidole vikitafuta vitufe vilivyoko mapajani usipoviona. Mchezo wa kupiga risasi unakuwa mateso. Hakikisha gemu unayoipenda inakubali padi ya Bluetooth, na kama haikubali, usinunue miwani kwa ajili yake.

Nitaunganishaje PlayStation 4 au 5?

PlayStation hutoa picha kwa HDMI, na miwani hupokea kwa USB-C, hivyo inahitajika adapta ya kutoka HDMI kwenda USB-C yenye tundu la kupokea umeme. Tahadhari kuhusu mwelekeo: adapta zilizozagaa madukani, kuanzia Kariakoo hadi Mtwara, ni za kutoka USB-C kwenda HDMI, na haziwezi kugeuzwa hata kama vichwa vyake vinaingia pande zote mbili. Muuzaji akikuambia ni kitu kilekile, mwombe akuonyeshe ikifanya kazi hapo dukani.

Picha isipotokea, ingia kwenye mipangilio ya PlayStation na uzime HDCP, yaani ulinzi unaozuia picha kunakiliwa. Gemu zitaonekana, lakini programu za filamu ndani ya mashine hiyo hazitafanya kazi hadi ulinzi huo uwashwe tena. King'amuzi chenye HDMI huunganishwa kwa adapta hiyohiyo, ila king'amuzi hakikupi nafasi ya kuzima ulinzi, kwa hiyo hitaji ni adapta inayoukubali. Na kwa kuwa mashine na adapta vimechomekwa ukutani, stabilaiza ni lazima pale umeme unapopanda na kushuka.

Na Nintendo Switch?

Switch ya kwanza hutoa picha pale tu inapodhani imewekwa kwenye kituo chake, hivyo inahitaji kituo kidogo cha kubebeka chenye umeme wake. Viture na kampuni nyingine huuza vituo hivyo.

## Macho na mwili

Navaa miwani ya macho. Nitavaaje miwani juu ya miwani?

Usijaribu, picha itakaa mbali na jicho na kingo zitakatika. Wasioona mbali wana njia mbili. Rokid Max ina vigurudumu vya kurekebisha kila jicho hadi namba hasi 6.00, na Viture Pro hadi hasi 5.00, hivyo mtu mwenye namba ndani ya mipaka hiyo huvaa bila kuongeza kitu. Xreal hutumia fremu ndogo ya ndani inayowekewa lenzi zilizokatwa kwa namba yako. Kwa ununuzi wa mtandaoni kutoka huku kusini, vigurudumu vinaokoa muda mwingi, na kama namba yako ni ya kutoona mbali tu, ningechagua hivyo bila kusita. Vigurudumu havirekebishi astigmatizimu, yaani jicho lenye mpindo usio sawa. Mwenye tatizo hilo anahitaji lenzi za ndani.

Wanaohitaji miwani ya kusomea tu kwa sababu ya umri kwa kawaida hawana shida, kwa sababu jicho huiona picha kama iliyo mita kadhaa mbele, si kama kitabu kilicho mkononi.

Kwa nini maandishi ya pembeni yana ukungu?

Sababu ya kwanza ni pua. Kila boksi huja na vishikio vya pua vya ukubwa tofauti, na watu wengi hutumia kile kilichokuja kimefungwa tayari bila kujaribu vingine. Sogeza miwani juu na chini polepole ukiangalia saa iliyo kwenye kona ya skrini. Mahali saa inaposomeka vizuri ndipo panapotakiwa, na kishikio cha pua kichaguliwe ili kiishike hapo.

Sababu ya pili ni umbali kati ya mboni za macho yako. Mwombe mtaalamu wa macho akupimie kwa milimita na uandike namba hiyo kabla ya kuagiza, kwani baadhi ya miwani, kama Xreal One Pro, huuzwa kwa saizi mbili kulingana na kipimo hicho.

Sababu ya tatu ni ya pwani: jasho na chumvi. Jioni yenye unyevu pale Shangani au Mikindani, mvuke wa uso hupanda na kuganda kwenye kioo cha ndani, na ukikauka huacha utando mwembamba unaofanya taa nyeupe zitoe miale. Futa kwa kitambaa laini kilichokuja na miwani, wala si kwa ncha ya kanga au shati, kwa sababu mchanga mdogo uliomo hukwaruza rangi ya kioo na mkwaruzo huo hauondoki.

Je, ni salama kwa watoto?

Fuata umri ulioandikwa kwenye kitabu cha maelekezo. Miwani imepimwa kwa nafasi ya macho ya mtu mzima, na mtoto ambaye mboni zake ziko karibu zaidi atalazimika kukaza macho. Mtu mzima naye akihisi kichefuchefu au kuona viwiliviwili, avue na apumzike.

## Kununua na kusafirisha

Ni bei gani, na kodi zikoje?

Bei za kuanzia zilizotangazwa na kampuni zenyewe ni dola 399 kwa Xreal Air 2, dola 459 kwa Viture Pro na dola 499 kwa Xreal One, na matoleo ya zamani hushuka mapya yanapotoka. Ukiagiza kutoka nje, kodi hukokotolewa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na bima na usafiri. Kodi ya ongezeko la thamani kwa kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Kwa mzigo uliogharimu dola 450 pamoja na usafiri, kodi hiyo peke yake ni dola 81 hata kabla ya ushuru wa forodha kuhesabiwa. Muuzaji wa Dar es Salaam anayedai bei yake ni ya chini kuliko ya kiwandani anauza ya mtumba, au anauza kitu kingine.

Ninunue Dar es Salaam na kutumiwa kwa basi?

Wengi hufanya hivyo, na kifurushi husafiri takriban kilomita 560 hadi Mtwara bila tatizo kikifungwa vizuri. Tatizo ni kulipa kabla ya kuona. Mtu wako aliyeko Dar aende na simu ileile ya aina yako, aichomeke miwani, afungue picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu, na afumbe jicho moja moja. Kwenye nyeupe ataona nukta zilizokufa na madoa. Kwenye nyeusi ataona nukta zinazong'aa zisizozimika. Lipa baada ya hapo, na risiti ya EFD iandikwe jina la modeli.

Wakati wa mauzo ya korosho, kuanzia Oktoba, malipo ya vyama vya ushirika yanapoingia, wauzaji wa kupita huongezeka mitaani na bidhaa feki huongezeka nao. Mkulima aliyesubiri mnada msimu mzima anaweza kusubiri siku mbili zaidi za majaribio.

Ikiharibika, fundi wa hapa ataweza?

Waya mara nyingi unachomoka na hubadilishwa na mwenyewe. Skrini na kioo cha ndani havitengenezeki kwa fundi simu.

## Hali zisizo za kawaida

Ndani ya basi picha inanikimbia. Je, ni mbovu?

Hapana. Miwani kama Xreal One inaweza kuisimamisha skrini mahali pamoja hewani kwa kufuatilia mzunguko wa kichwa. Basi linapokata kona, kipimo hudhani kichwa ndicho kilichogeuka, hivyo skrini huteleza upande na kubaki nyuma. Badilisha kwenda hali ambayo skrini hufuata kichwa, na tatizo litaisha. Dereva wa gari lolote, bodaboda ikiwamo, asiivae kabisa akiwa anaendesha.

Je, naweza kutazama ufukweni mchana?

Kwa shida. Mwanga wa mchana hupita kwenye kioo na kuifuta picha. Weka kifuniko cheusi kinachokuja na miwani nyingi, au uchague aina yenye kioo kinachojitia giza kwa kubonyeza kitufe, kama Xreal Air 2 Pro, na bado tafuta kivuli. Usiiache juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani.

Jaribio la runinga lilifaulu, lakini miwani inabaki nyeusi. Nifanye nini?

Fuata mpangilio huu. Vua kava la simu na usukume kichwa cha waya hadi mwisho. Chomoa upande wa miwani na kuurudisha, kwa kuwa nao hulegea. Angalia kama sehemu ya katikati ya paji imefunikwa na nywele au kofia, au kama miwani iko mezani badala ya usoni, kwani nyingi zina kihisi kinachozima skrini zisipovaliwa. Hili huwapata wanaoijaribu kwa kuichungulia mkononi. Ongeza mwanga kwa kitufe cha mkononi mwa fremu. Jaribu waya mwingine ulioandikwa kwamba unapitisha picha, kwa kuwa waya wa chaja ya kawaida haupitishi. Mwisho, unganisha na kompyuta ndogo na usasishe programu ya ndani ya miwani kwa maelekezo ya kampuni. Ikiwa bado ni nyeusi kwenye kompyuta pia, irudishe dukani pamoja na risiti na boksi lake.